Mstari wa Saba

Kazi yangu ni fomu. Miaka kumi na minane Lang'ata,
meza ya mbao, muhuri, wino wa zambarau,
na dirisha linalotazama uwanja wa gwaride
ambako vijana hugeuka kulia kwa pamoja
kama ukurasa mmoja.

Mstari wa kwanza, jina. Wa pili, namba.
Wa tatu, kundi la damu: hapo hasiti mtu.
Wa saba ndio unaowatoa jasho.
Jamaa wa karibu. Uhusiano. Simu.
Wapo wanaouliza, "Afande, mke yupi?"
Huwaambia, yule mwenye hasira zaidi,
tukacheka, nikagonga muhuri.

Koplo Musembi hakucheka.
Aliishika kalamu yangu kama pini ya guruneti.
Kikosi kilikuwa kinavuka mpaka alfajiri ya Jumatatu
na mvua ya Aprili ilikuwa juu ya mabati,
haisikii la mtu.
Akaandika: Odera Okumbe.
Uhusiano: akaacha wazi.
Nikamwambia, koplo, jeshi halipendi pengo.
Akaandika rafiki. Akalikata.
Akaandika ndugu.

Musembi wa Mwala, Odera wa Ugenya,
ndugu wa tumbo gani hilo
lililolala katikati ya nchi nzima?
Sikumtazama usoni.
Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema,
wakamsahau karani
anayeandika kila siku kiasi cha maji.

Usiku ule mesini televisheni ilikuwa inabishana.
Mheshimiwa mwenye tai nyekundu alisema
jeshi litalegea kama kamba ya kiatu.
Kasisi akasema lake.
Wakili akafika kwenye neno katiba
akakatizwa na tangazo la sabuni.
Meja Lokwang akapunguza sauti,
akauliza hewa, si mtu:
"Mwanamume wa namna hiyo,
nani atakubali kulala naye handaki moja?"

Ekai alikuwa anakula maharagwe.
Ekai yule aliyebebwa kilomita nne mchangani
na risasi pajani, mwaka wa juzi,
usiku usio na mwezi.
Mgongo uliombeba tuliujua sote.
Alichota kijiko. Akatafuna. Akachota kingine.

Nilitaka aseme.
Nilitaka niseme mimi, Sajini Mghoi,
mwenye fomu zote kabatini.
Niliomba chumvi.

Septemba wakamrudisha Musembi
bila mguu wa kushoto, bila sikio moja,
kitanda cha tisa, hospitali ya jeshi, barabara ya Mbagathi.
Siku tatu mwanamume mrefu wa sweta ya kijivu
alisimama getini na thamosi ya uji,
na siku tatu mlinzi akauliza,
"Wewe ni nani wake?"
Ndugu, alisema.
Mlinzi akasoma kitambulisho, akasoma uso,
akasema ndugu hawafanani hivi, ondoka.

Wakanipigia simu nilete faili.
Nililibeba kwapani kwenye jua kali,
nikalifungulia ukutani, mstari wa saba,
wino wangu, muhuri wangu.
"Soma," nikasema. "Rekodi ya jeshi inasema ndugu.
Unataka kuniambia jeshi limekosea?"

Mlinzi alikuwa mtoto. Akafungua.

Odera hakunishukuru. Alipita akitembea upesi,
uji ukilia ndani ya thamosi,
na kwenye ngazi akaanza kukimbia.

Nilibaki na lile neno.
Lilifungua geti, sikatai,
lakini ni buti la kuazima:
utafika nalo, na utafika umechubuka.
Tena sikuliazimisha mimi.
Mimi niliona mtu akilivaa
nikamwambia linamtosha.

Jumatano iliyopita televisheni ilikuwa palepale.
Tai ilikuwa ya buluu.
Bado wanajadili kama wawaruhusu waingie,
nami nawajua kwa namba na kwa kundi la damu,
walioingia zamani,
na wengine walishatoka,
wamebebwa kwa machela.

Asubuhi kijana mpya alifika mstari wa saba,
akaacha wazi, akaniangalia.
Mvua haikuwapo. Kila kitu kilisikika.
Nikamwambia, andika.
Akauliza, "Niandike nini, afande?"
Nikageuza kiti, nikatazama dirishani,
nikamwachia kalamu.